Sarafu Usiyoitambua Kutoka Kandokando ya Ziwa: Dalili, Chanzo na Namna ya Kuijua

Detekta, ile mashine ya kutafuta vyuma ardhini, imelia, umechimba, umetoa kitu cha mviringo kilichoganda udongo, na hakifanani na sarafu yoyote uliyowahi kushika. Mwongozo huu unaanzia hapo. Ni kwa ajili ya watu wa Mwanza, Magu, Sengerema, Ukerewe na kote pembezoni mwa Ziwa Viktoria, kwa sababu ardhi ya huku imemeza fedha za watu wengi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kuanzia hapo ngozi na bidhaa nyingine za Mwanza zilipanda meli kwenda Kisumu hadi Mombasa, na rupia zikarudi kwa njia hiyohiyo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu. Ndiyo maana shamba moja la Magu linaweza kutoa sarafu ya India, ya Wajerumani, ya Zanzibar na ya Waingereza, zote ndani ya hatua chache.

Jambo ninalokuomba ulishike ni hili: kabla ya kuuliza sarafu ni ya nani, uliza kwa nini inaonekana hivyo. Kila kioja unachokiona kwenye sarafu kimetoka sehemu moja kati ya tatu. Ama kiwanda kiliitengeneza hivyo, ama ardhi na maji vimeibadilisha, ama mkono wa mtu umeigusa: umeitoboa, umeichomelea, umeipaka kitu. Watu hukosea kutambua sarafu kwa sababu huchukua kazi ya ardhi au ya mkono wakaidhania kazi ya kiwanda, kisha wanatafuta sarafu ambayo haijawahi kuwapo duniani.

Anza na mizani, uso baadaye

Usisugue. Si kwa mchanga, si kwa majivu, si kwa limao, si kwa sufi ya chuma. Kwenye sarafu ya shaba iliyokaa ardhini miaka mia, maandishi mara nyingi hayapo tena kwenye chuma chenyewe. Yamebaki kwenye ile ngozi ya kijani au kahawia iliyojitengeneza juu yake. Ukiikwangua ngozi, umekwangua na jina la mwenye sarafu. Suuza kwa maji safi, iache ikauke kivulini. Udongo ukiwa mgumu, iloweke kwenye maji yaliyokenekwa (distilled water) kwa siku kadhaa ukibadilisha maji. Ukinunua maji hayo dukani soma kibandiko vizuri, maana chupa nyingine zinazouzwa kama "maji ya betri" ni tindikali.

Kisha pima uzito. Mwanza si mji wa kukosa mizani: mizani midogo ya dhahabu inayosoma sehemu ya mia ya gramu iko kwa kila mnunuzi na kila sonara. Pima upana kwa kalipa, au kwa rula ukibana sarafu kati ya vibao viwili. Pitisha sumaku. Piga picha pande zote mbili na ukingo, tochi ya simu ikimulika kutoka ubavuni ili vivuli viinue herufi.

Hivi ndivyo vipimo vitakavyokufaa zaidi huku. Rupia nzima ya fedha, ya India au ya Wajerumani, ina gramu 11.66 na upana wa milimita 30 na ushee. Nusu rupia gramu 5.83, robo gramu 2.92. Riale ya Maria Theresa ina gramu 28 na milimita 40. Pesa ya shaba, iwe ya kampuni ya Wajerumani au robo ana ya India, ina kama gramu 6.5 na milimita 25. Heller moja, sarafu ndogo ya shaba ya Wajerumani, ina gramu 4 na milimita 20. Nusu heller gramu 2.5 na milimita 17. Heller 5 kubwa ya bronzi ya 1908 na 1909 ina gramu 20 na upana wa milimita 37, na wengi huidhania medali. Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki ina gramu 7.8 na milimita 28.

Sarafu iliyotembea mikononi hupungua kidogo, kwa hiyo rupia ya gramu 11.3 haina neno. Ikipungua gramu nzima, tafuta sababu.

Neno moja kuhusu sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuchimba ili kutafuta vitu hivyo bila kibali. Sarafu nyingi za ukoloni ni za baada ya hapo, lakini huwezi kujua kilichopo chini kabla hujachimba. Kwenye maboma ya zamani, makaburi, mahame na maeneo ya matambiko usipeleke detekta. Shambani, pata ruhusa ya mwenye shamba, na serikali ya kijiji ijue upo.

Dalili: sauti ilikuwa safi, kilichotoka hakisomeki kama sarafu

Hili lina majibu ya haraka. Detekta nyingi zilizoko huku zilinunuliwa kwa ajili ya dhahabu, na zile zinazofanya kazi kwa mapigo ya umeme hulia kwa chuma chochote bila kukueleza ni kipi. Kwenye mialo utatoa vizibo vya soda na risasi za nyavu zilizobonyea. Kifungo cha koti la kijeshi kina alama ya kishikio mgongoni, hata kama kishikio chenyewe kimevunjika. Kitako cha risasi ya bunduki kina duara dogo katikati pale fataki ilipokaa, na herufi zake zimezunguka ukingo bila picha yoyote. Ukipata risasi nzima usiigonge wala usiipashe moto. Toa taarifa polisi.

Sumaku ikikamata sarafu, fikiria kwanza sarafu za miaka ya karibuni za Tanzania na majirani, ambazo nyingi zina chuma cha pua ndani na nikeli juu. Rupia, heller, pesa na riale halisi hazishiki sumaku.

Dalili: upande mmoja una maandishi ya Kiarabu

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko kote. Mtu akiona Kiarabu husema "ya Sultani" na kufunga mjadala. Kandokando ya ziwa, sarafu ya shaba yenye Kiarabu ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya Wajerumani.

Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, kampuni iliyokuwa ikitawala pwani kabla ya serikali ya Ujerumani kushika hatamu, ilitoa pesa za shaba za miaka ya 1890, 1891 na 1892. Upande mmoja una tai wa Ujerumani na jina la kampuni. Upande wa pili hauna hata herufi moja ya Kizungu: kuna shada la majani, na ndani yake maneno ya Kiarabu yanayosomeka kama "Sharika Almania", chini yake mwaka wa Hijria, 1307, 1308 au 1309. Walifanya hivyo kwa sababu wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wakiipokea walisoma Kiarabu. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Upande wa tai ukiliwa na udongo, kinachobaki ni Kiarabu kitupu, na kosa linazaliwa hapo.

Chanzo cha pili ni pesa ya Zanzibar ya Sultani Barghash bin Said, yenye mwaka 1299 wa Hijria. Alama yake ni mizani ya kupimia, vitanga viwili vikining'inia. Lakini kuwa macho: kampuni ya Waingereza iliyokuwa Mombasa nayo iliweka mizani kwenye pesa yake ya mwaka 1888. Ya Mombasa imeandikwa neno Mombasa na mwaka kwa tarakimu za Kizungu, na upande wa pili una jua na taji. Ya Barghash ina Kiarabu pande zote. Ukubwa wake karibu ni uleule, kwa hiyo mizani yako haitakusaidia kuzitenganisha. Zitenganishe kwa kutafuta mabaki ya herufi za Kizungu pembezoni, hasa chini ya vitanga.

Chanzo cha tatu ni robo ana ya Oman ya Sultani Faisal bin Turki, ya miaka ya 1315 ya Hijria na kuendelea, iliyoletwa na wafanyabiashara. Si ya kila siku huku.

Sasa kusoma mwaka. Tarakimu za Kiarabu zina mitego yake. Nukta ni sifuri. Duara dogo ni tano, si sifuri. Saba ni kama herufi V, na nane ni V iliyopinduliwa, kwa hiyo ukiishika sarafu kichwa chini, 1307 haiwezi kukupa jibu sahihi. Hakikisha kwanza shada la majani limefungwa kwa utepe upande wa chini, ndipo usome. Ukishapata mwaka wa Hijria, uzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. 1307 inakupa 1890. 1299 inakupa 1882. Jibu likitoka 1700 au 2050, umesoma tarakimu vibaya, rudia.

Dalili: ina tundu

Swali la kwanza: nani alitoboa? Tundu la kiwandani liko katikati kabisa, lina ukingo ulioinuka, na picha na maandishi vimepangwa kulizunguka bila kukatwa. Tundu la mtu linakata herufi au paji la uso, huwa karibu na ukingo juu ya kichwa ili sarafu ining'inie sawasawa shingoni, na upande mmoja una makovu pale msumari ulipotokea. Rupia na riale nyingi zilizovaliwa kama mapambo ziko hivi. Tafuta pia doa la madini tofauti juu ya ukingo: huko ndiko kishikio kilichomelewa. Sarafu iliyochomelewa huongezeka uzito, iliyotobolewa hupungua. Mnunuzi atakwambia imeharibika. Kwangu mimi sarafu iliyovaliwa na mtu wa Ukerewe imebeba habari ambayo sarafu ya benki haina, na ningeiandika hivyohivyo bila kuizibua wala kuinyoosha.

Tundu la kiwandani lina familia mbili kubwa. Ya Wajerumani ni heller 10, kuanzia 1908, na heller 5 ndogo ya 1913 na 1914, zote za mchanganyiko wa shaba na nikeli zenye rangi ya kijivu, taji juu ya tundu na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA. Ya Waingereza ni senti 1, 5 na 10, zenye pembe za ndovu zilizolizunguka tundu. Zilizoandikwa EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES ni za kabla ya shilingi; zilizoandikwa EAST AFRICA ni za baadaye. Senti moja za kwanza za Waingereza, za 1907 na 1908, zilikuwa za aluminiamu: ukiokota sarafu yenye tundu nyepesi kama kizibo cha plastiki, iliyotoboka-toboka na kutoa unga mweupe, usiitupe.

Ukiona EDWARDVS VIII na mwaka 1936 utaambiwa umeokota mali. Mfalme Edward wa Nane aliachia kiti mwaka huohuo kabla ya kutawazwa, na Uingereza haikuwahi kutoa sarafu za kutumika zenye sura yake. Sarafu zenye tundu hazikuhitaji sura, kwa hiyo za Afrika Mashariki zilitengenezwa kwa jina lake, na zilitengenezwa nyingi. Ni sarafu ya kupendeza kuwa nayo. Si ya kununulia kiwanja.

Dalili: inang'aa kama fedha lakini uzito na upana ni wa shaba

Hii ni ya kwetu hasa, hutaikuta kwenye miongozo ya Ulaya. Umepata sarafu ya gramu 4 na milimita 20, yaani heller moja kwa kila kipimo, lakini ni nyeupe inayong'aa. Heller za fedha hazikuwapo. Nini kimetokea?

Chanzo cha kwanza cha kufikiria, hasa ukiwa upande wa Geita, Nyarugusu, Rwamgasa au popote wanapochenjua dhahabu, ni zebaki. Zebaki hushikamana na shaba na kuifunika kwa utando mweupe. Sarafu iliyolala kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliochenjuliwa, au iliyowekwa mfuko mmoja na kichupa kilichovuja, hutoka imevaa rangi isiyo yake. Utando huu hauna mpaka: mahali umekolea, mahali umefifia, na baada ya muda hugeuka kijivu. Ukiupangusa kwa karatasi unaacha alama ya kijivu.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Usiipashe moto sarafu hiyo ili "irudi". Mvuke wa zebaki hauonekani, unaingia mapafuni na kuharibu mishipa ya fahamu, na nyumba yenye watoto si mahali pa kujaribu. Usiisugue kwa vidole. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, andika zebaki juu yake, iweke mbali na jikoni, nawa mikono. Ukiwa na sarafu ya fedha au dhahabu, isikae kabisa karibu na zebaki, kwa sababu madini hayo mawili hunywewa nayo: zebaki inaingia ndani, sarafu inakuwa dhaifu, na hakuna njia ya nyumbani ya kuirudisha.

Chanzo cha pili ni kupakwa. Masonara walipaka shaba fedha kwa ajili ya mapambo, na matapeli wakafanya hivyo kwa ajili ya udanganyifu. Mpako wa namna hii una mipaka: unabanduka kama ganda, na chini yake shaba inaonekana wazi, hasa kwenye ukingo na pua ya sura. Tazama palipokwanguka penyewe, usikwangue pengine. Na usikubali mnunuzi wa dhahabu adondoshee tindikali kwenye sarafu yako "kuangalia tu". Tone moja linaacha kovu la kudumu.

Dalili: shilingi ya simba ni nyekundu, wakati iliyo kwa babu ni nyeupe

Umeona simba na milima nyuma yake, mwaka kati ya 1921 na 1946, rangi ya shaba. Si kosa la kiwanda. Shilingi hizo zilikuwa na robo moja tu ya fedha. Iliyobaki karibu yote ni shaba. Zikitoka kiwandani zilionekana nyeupe kwa sababu ngozi ya juu ilikuwa na fedha nyingi kuliko ndani. Mikono ikaisugua ngozi ile, kisha unyevu ukaifanyia kazi shaba iliyobaki wazi, ndiyo maana zinatoka ardhini zikiwa za waridi, kahawia au kijani. Kuanzia 1948 shilingi ilitengenezwa kwa shaba na nikeli bila fedha, nayo hubaki ya kijivu. Kwa hiyo shilingi mbaya zaidi kwa macho ndiyo yenye fedha.

Weusi kwenye rupia ni jambo jingine: tope la ziwa lenye majani yaliyooza hutoa salfa, salfa huigeuza fedha nyeusi. Weusi huo unailinda. Uache.

Unga wa kijani kibichi uliokolea, unaorudi kila ukiupangusa, ni ugonjwa wa bronzi, na chanzo chake ni chumvi. Ziwa letu ni maji baridi, kwa hiyo huku hauonekani sana kama Bagamoyo au Zanzibar. Ukiuona, jiulize sarafu ililala wapi: jalala la majivu, choo cha zamani, mahali pa kuwekea samaki chumvi. Itenge na nyingine na uiweke pakavu kabisa.

Dalili: mwaka ni 1780

Mama mnene mwenye shela, tai mwenye vichwa viwili upande wa pili, gramu 28. Hii ni riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Sarafu ilipendwa mno Uarabuni, Ethiopia na pwani yetu, hata viwanda vikaendelea kuitengeneza kwa mwaka uleule hadi karne ya 20, tena katika miji mbalimbali ya Ulaya na hata Bombay. Mwaka 1780, kwa hiyo, haukuambii ilitengenezwa lini. Ukingo utakuambia kama ni halisi: una maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA na mapambo kati yake. Ukingo mtupu, au wenye mstari wa kiungo kuuzunguka, ni wa sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu. Usiwe na haraka ya kusema ilikuja na msafara wa pembe za ndovu. Inawezekana, ila sarafu peke yake haithibitishi.

Dalili: mtu mwenye ndege juu ya kofia

Ni Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma yenye tai. Jina limeandikwa kwa Kilatini, GUILELMUS II IMPERATOR. Geuza. Ukiona simba na mnazi na jina la kampuni, ni ya kati ya 1890 na 1902. Ukiona DEUTSCH OSTAFRIKA na thamani ndani ya shada, ni ya serikali, 1904 hadi 1914, na karibu na mwaka au thamani tafuta herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Uzito ni sawa kabisa na rupia ya India kwa makusudi, maana rupia ya India ndiyo iliyokuwa inaaminika sokoni.

Dalili: imepigwa ovyo, mwaka 1916, herufi T

Picha imekaa upande, herufi zimefifia sehemu moja, ukingo haulingani. Kwa sarafu nyingine ningesema feki. Kwa hii, ovyo ndiyo sifa yake. Vita ilipokata njia za baharini, Wajerumani waliishiwa chenji na wakafungua kiwanda cha dharura Tabora. T ni Tabora. Walitoa heller 5 za shaba ya njano na heller 20, hizi zikiwa za shaba ya njano au nyekundu, kwa mitambo isiyokusudiwa kazi hiyo. Taji lina sura zaidi ya moja, kubwa na dogo, na ncha za herufi L kwenye neno HELLER zinatofautiana. Usidhani umepata kosa la peke yake duniani. Mwanza iliangukia mikononi mwa Waingereza Julai 1916, Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji Septemba mwaka huohuo, kwa hiyo sarafu hizi zilitumika rasmi kwa muda mfupi tu.

Tabora ilitoa pia rupia 15 ya dhahabu, tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hii imeigwa mno. Halisi ina gramu 7.17 na milimita 22, na dhahabu yake ni robo tatu. Ipime kwa maji, kwa njia iliyoelezwa sehemu inayofuata, kabla ya kumwita mtu yeyote.

Dalili: haisomeki kabisa

Kipimo cha maji kinakaa hapa pia. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala ubavu. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo. Sarafu ya gramu 11.6 iliyosukuma 1.13 inakupa 10.3: hiyo ni fedha ya rupia. Shaba na bronzi ziko karibu na 8.9, shaba ya njano kama 8.5, risasi 11.3. Dhahabu ya Tabora iko karibu na 15. Kitu cha tembo kinachotoa 8.5 ni shaba ya njano iliyopakwa. Hakikisha hakuna povu lililong'ang'ania, wala ganda nene la kutu, maana vyote viwili vinashusha jibu.

Madini na upana vikishajulikana, orodha ya zinazowezekana inabaki fupi. Lowesha uso wa sarafu kidogo, uumulike kutoka ubavuni, izungushe polepole: umbo la taji, pembe au shada hujitokeza kabla ya herufi. Ikiwa bado imara, weka karatasi nyembamba juu na upitishe penseli laini kwa ulalo.

Dalili: zimetoka nyingi pamoja

Acha kuchimba. Sarafu moja iliyodondoka ni bahati. Sarafu kumi ndani ya chungu au zilizoshikana kama ilivyokuwa kitambaa ni fedha iliyofichwa, na mpangilio wake ndio unaosema ilifichwa lini. Iliyo ya mwaka wa karibuni kuliko zote inaweka mpaka: fungu halikufukiwa kabla yake. Ukizitawanya kwa wanunuzi watatu, mpaka huo umepotea. Usizibandue zilizoshikana, na kitambaa kilichooza kiache kilivyo. Piga picha shimo likiwa na rula ndani yake, chukua alama ya mahali kwa simu, lifukie kidogo, kisha mpe taarifa mwenye shamba na afisa utamaduni wa halmashauri, ili Idara ya Mambo ya Kale ijulishwe. Kila sarafu iliyokwisha kutoka ikae kwenye kibahasha chake cha karatasi, si plastiki inayohifadhi jasho, na juu ya kibahasha andika kijiji, kina kwa sentimita, rangi ya udongo, uzito, upana, na kilichokuwa karibu nayo: kigae, mkaa, ushanga, au hakuna.